Euro 30 na hati ya Córdoba

Mwaka 2006 jimbo katoliki la Córdoba, kusini mwa Hispania, lilipeleka karatasi kwa msajili wa mali. Karatasi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Ilikuwa cheti kilichotolewa na jimbo lenyewe, kikisema kwamba jengo fulani katikati ya mji ni mali ya Kanisa. Ada ilikuwa euro 30. Kwa fedha isiyotosha mlo wa jioni wa familia, jengo lililoanza kujengwa mwaka 785, likiwa msikiti mkuu wa watawala Waislamu wa ukoo wa Umayya na baadaye kanisa kuu, likaandikwa kwenye daftari la serikali kwa jina la Kanisa. Wakazi wa mji hawakuambiwa. Wengi walikuja kusikia miaka kadhaa baadaye, na kelele zilizoanza hapo hazijanyamaza hadi leo.

Ujanja, kama ni ujanja, haukuanzia kwa askofu. Sheria ya Hispania ya mwaka 1946, enzi za dikteta Franco, iliruhusu Kanisa kusajili mali kwa cheti chake lenyewe, sawa na taasisi za dola. Nyumba za ibada ziliachwa nje ya utaratibu huo, kwa kuwa kila mtu alijua kanisa ni kanisa na hakuna wa kuligombania. Mwaka 1998 serikali ya José María Aznar iliondoa kizuizi hicho. Mlango ulibaki wazi mpaka 2015. Mwaka 2021 serikali ilipotoa orodha ya vilivyosajiliwa katika kipindi hicho, ilikaribia mali 35,000: makanisa, nyumba za mapadri, viwanja, makaburi.

Tukizungumzia majengo ya ibada ya Ulaya, mazungumzo yetu huanzia kwenye dini na kuishia huko huko. Waislamu walijenga, Wakristo wakateka. Wakristo walijenga, Waislamu wakateka. Kila upande una jeraha lake, na kila upande una picha ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp siku ya Ijumaa au Jumapili. Mimi naona tunaanza na swali la pili. Swali la kwanza ni lile linalojulikana na ukoo wowote uliowahi kugombania nyumba ya marehemu: hati iko kwa nani, na aliipataje?

Twende ndani ya jengo lenyewe. Unapita ua wa michungwa, unaingia, na macho yanachukua muda kuzoea kiza. Halafu ni nguzo tupu. Zimebaki zaidi ya 850, na hazifanani: hii nyeupe, ile ya kijivu kinachoelekea buluu, nyingine ina rangi ya nyama. Mafundi wa Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala aliyeanza kuujenga, hawakuhangaika kuchonga nguzo mpya. Waliziokota kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla yao. Na nguzo za kuokota hazina kimo kimoja, kwa hiyo fupi iliinuliwa kwa kitako na ndefu ikazamishwa sakafuni. Hata hivyo zote zilikuwa fupi mno kwa ukumbi mpana namna ile, paa lingewakalia watu utosini. Fundi akapandisha tao juu ya tao, jiwe jeupe na tofali jekundu kwa zamu, na lile tatizo la vifaa vya mtumba likazaa mandhari inayochapishwa kwenye kadi za posta duniani kote.

Sogea hadi ukuta wa kusini, kwenye mihrabu ya al-Hakam wa Pili, ya miaka ya 960. Imezungushiwa vipande vidogo vya kioo vyenye dhahabu, na waandishi wa Kiarabu wa zamani wanaeleza vilikotoka: kaisari wa Constantinople, Istanbul ya leo, alivituma kama zawadi, pamoja na fundi wa kuvipanga. Yaani mahali palipo patukufu kuliko pote katika msikiti ule pamepambwa kwa hisani ya mfalme Mkristo. Mwenye kutaka kuligawa jengo hili vipande viwili, cha Waislamu huku na cha Wakristo kule, ataanza wapi kukata?

Masimulizi ya kengele ni makali zaidi. Mwaka 997 al-Mansur, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko khalifa wake, alivamia Santiago de Compostela, mji mtakatifu wa Wakristo wa kaskazini. Inasimuliwa kwamba kengele za kanisa zilibebwa na mateka Wakristo mwendo wote hadi Córdoba, zikapinduliwa na kufanywa taa za msikiti. Mwaka 1236 mfalme Mkristo Fernando wa Tatu alipouteka mji, akaamuru kengele zirudishwe kaskazini, safari hii mabegani mwa mateka Waislamu. Njia ni ile ile na mzigo ule ule, mabega tu ndiyo yaliyobadilishwa.

Tangu siku hiyo ya 1236 jengo ni kanisa kuu, na hoja ya jimbo imejengwa hapo. Mfalme alilikabidhi kwa Kanisa, likabarikiwa, na misa imesomwa humo kwa karibu miaka 800. Si hoja ya kuchekwa. Tazama Sevilla, safari fupi ya treni kutoka hapo. Msikiti mkuu wa Sevilla nao uligeuzwa kanisa, lakini mnamo 1401 mapadri waliamua kujenga jipya kubwa, wakaubomoa. Kilichosalia ni ua na mnara unaoitwa Giralda, ambao kilele chake siku hizi kina kengele. (Giralda nayo imo kwenye usajili ule wa vyeti.) Msikiti wa Córdoba umefika kwetu kwa sababu walioumiliki waliendelea kuutumia, wakaziba paa lilipovuja. Jengo linalopoteza dini yake bila kupata nyingine kwa kawaida huishia kuwa machimbo ya mawe.

Hata hivyo walioliokoa si mapadri peke yao. Mwaka 1523 askofu Alonso Manrique alitaka kubomoa nguzo za katikati ili apandikize kanisa refu lenye dari la juu, kwa mtindo wa zama zake. Halmashauri ya mji ilikataa. Ilitangaza adhabu ya kifo kwa fundi yeyote atakayethubutu kugusa jiwe. Zingatia ni akina nani hao: Wakristo, miaka 31 tu baada ya Granada, dola ya mwisho ya Waislamu Hispania, kuanguka, katika Hispania iliyokwisha wafukuza Wayahudi na iliyokuwa ikiwalazimisha Waislamu kubatizwa. Hawakuwa wakiutetea Uislamu. Walikuwa wakitetea jengo la mji wao. Shauri likapanda hadi kwa Kaisari Carlos wa Tano, naye akampa ushindi askofu. Waongoza watalii hupenda kusimulia kwamba alipokuja kuona kazi alijuta, akawaambia wameharibu kitu cha pekee duniani ili wajenge kitu kinachopatikana popote. Kama aliyasema kweli, aliyasema baada ya kutia saini.

Kwa hiyo wananchi wanaodai leo kwamba jengo hili ni la umma wana babu zao wa hoja. Wanasema mfalme alipokabidhi, alikabidhi matumizi, si umiliki. Kwamba serikali ililitangaza kuwa jengo la kumbukumbu la taifa tangu 1882 na imetumia fedha za walipa kodi kulikarabati. Kwamba UNESCO ililiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1984 kwa sababu ya zile nguzo zaidi kuliko ile misa. Jimbo nalo linakusanya kiingilio kwa watalii wanaokaribia milioni 2 kwa mwaka. Ukipiga hesabu utaelewa kwa nini euro 30 zile zinaitwa biashara nzuri kuliko zote zilizowahi kufanyika Andalusia.

Na mwenye hati ndiye mwenye kibao cha mlangoni. Hili ndilo linalonikera mimi kuliko fedha. Kwa miaka kadhaa vipeperushi vya wageni viliacha kuliita jengo msikiti-kanisa. Viliandika Kanisa Kuu la Córdoba, basi, na karne nne na nusu za kwanza zikageuka kuwa kama utangulizi wenye aibu. Mwaka 2014 hata kwenye ramani za Google neno msikiti lilitoweka, likarudi baada ya maelfu ya watu kutia saini kulalamika. Jimbo lenyewe lilirejesha jina pacha mwaka 2016. Kumiliki nyumba ni jambo moja. Kuamua kwamba aliyeijenga alikuwa mpangaji wa muda ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo baadhi ya wasomaji wangu Waislamu watatikisa kichwa kwa kukubali. Ngoja, tuvuke hadi Istanbul.

Hagia Sophia imesimama upande wa Ulaya wa mji ule. Kaisari Justinian aliijenga, ikiwa kanisa, kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, kwa haraka ambayo kuba lake liliilipia: mwaka 558 likaporomoka, likajengwa upya kwa kupandishwa juu zaidi. Waliolipora kanisa hilo vibaya sana mwaka 1204 walikuwa Wakristo wenzao kutoka magharibi, waliokuwa njiani kwenda vita vya msalaba. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili wa Waturuki akauteka mji na kanisa likawa msikiti. Lakini hakuishia kuswali humo. Aliuwekea wakfu.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kufafanuliwa wakfu ni nini. Huenda nyumba anayopanga ni ya wakfu. Mehmed alitenga maduka, mabafu na sehemu ya soko kuu la Istanbul, kodi zake zikalipa maimamu, mafuta ya taa na mafundi wa paa. Ndiyo maana jengo limefika salama. Halafu mwaka 1934 baraza la mawaziri la Atatürk likaamua liwe makumbusho, likafunguliwa kama makumbusho 1935. Na mwaka 1936, serikali hiyo hiyo ilipoandikisha hati, iliandika mmiliki kuwa wakfu wa Sultani Mehmed, na aina ya mali kuwa msikiti. Karatasi ikakaa kabatini.

Miaka 84 baadaye ikatolewa. Tarehe 10 Julai 2020 Baraza la Dola, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ya Uturuki, lilibatilisha uamuzi wa 1934. Duniani watu waligombana kuhusu Uislamu na Ukristo, kuhusu Erdoğan na uchaguzi. Ndani ya hukumu, hoja ilikuwa kavu kama risiti: mali ni ya wakfu, hati inasema msikiti, mtoa wakfu aliweka masharti, na serikali haina mamlaka ya kuyabadilisha. Majaji hawakuulizwa Mungu ni wa nani. Waliulizwa daftari linasema nini. Wiki mbili baadaye ikaswaliwa Ijumaa ya kwanza.

Kwa kanuni ya wakfu, hukumu ile ni safi. Tatizo lipo nyuma ya wakfu. Mtu huweka wakfu mali yake, na Mehmed aliipata mali ile kwa upanga, jinsi Fernando alivyoipata Córdoba. Ukisema ushindi wa vita uliofuatwa na karne za ibada unazaa umiliki halali, umempa ushindi askofu wa Córdoba. Ukisema hauzai, umeivunja hati ya Hagia Sophia. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakilia kwa ajili ya mmoja na kushangilia mwingine katika pumzi moja, na hilo nimelisikia kwenye dini zote mbili. Wanatumia sheria moja. Wanabadilisha tu timu.

Na kibao cha mlangoni kipo hapa pia. Picha za mozaiki zilizo upande wa kibla hufunikwa kwa pazia ili watu waswali. Hilo naliona ni adabu ya kawaida ya nyumba inayotumika. Lakini tangu Januari 2024 mgeni kutoka nje anaingilia mlango wake, analipa euro 25, anapandishwa ghorofani kutazama chini. Msikiti kwa anayeswali, makumbusho kwa mwenye pochi. Waliosema hauwezi kuwa vyote viwili hawakuwa wamefikiria tiketi.

Paris ndiyo inayowashangaza wengi, kwa kuwa huko mambo yamekaa kinyume. Kanisa Kuu la Notre-Dame si mali ya Kanisa. Tarehe 2 Novemba 1789 bunge la mapinduzi lilitwaa mali zote za Kanisa ili kulipa madeni ya taifa. Miaka minne baadaye ibada ya Kikatoliki ilipigwa marufuku humo, wakasherehekea Akili badala ya Mungu, na baadaye jengo likawa ghala. Mwaka huo wa 1793 umati ulizikata vichwa sanamu 28 zilizopanga mstari juu ya milango ya mbele, ukidhani ni wafalme wa Ufaransa. Walikuwa wafalme wa Yuda, wa kwenye Biblia. Vichwa 21 vilifukuliwa mwaka 1977 katika uwanja wa jengo moja la Paris, na sasa viko makumbusho ya Cluny, pua zimevunjika, macho yangali wazi.

Napoleon alirudisha ibada bila kurudisha hati. Sheria ya Desemba 1905 iliyotenganisha dini na dola ikalikamilisha: makanisa makuu yaliyokuwepo ni ya taifa, ya vijijini ni ya halmashauri, na Wakatoliki wana haki ya kuyatumia kwa ibada, bila kodi na bila mwisho. Mpangaji asiyelipa na asiyefukuzika. Ukikutana na meya wa kijiji cha Ufaransa, muulize kuhusu paa la kanisa lake, atakuchelewesha basi.

Notre-Dame ilipowaka Aprili 15, 2019, boriti za mwaloni za tangu karne ya 12 na 13 zikawa majivu kwa saa chache. Aliyebeba jukumu la kujenga upya alikuwa serikali isiyo na dini. Michango ilifika takriban euro milioni 846, kutoka kwa wafadhili wapatao 340,000, wenye imani na wasio nayo. Milango ilifunguliwa tena Desemba 2024. Miezi miwili kabla, waziri wa utamaduni, Rachida Dati, alipendekeza watalii walipe euro 5, fedha zikakarabati makanisa mengine ya nchi. Kanisa la Paris likakataa: nyumba ya Mungu haina kiingilio. Linganisha na Córdoba. Padri mwenye hati anauza tiketi. Padri asiye na hati anatetea mlango wazi. Dini ni moja, na Papa ni mmoja.

Nikilazimishwa kuchagua, nachukua mpangilio wa Paris, pamoja na kwamba ulizaliwa kwa unyang'anyi. Hati ikiwa kwa umma na funguo zikiwa kwa waumini, hakuna mmoja anayeweza kuandika kibao peke yake. Wataliano wamejaribu njia ya kati: Pantheon ya Roma, hekalu la kipagani lililofanywa kanisa mwaka 609, ilianza kutoza watalii euro 5 Julai 2023, asilimia 70 inakwenda wizarani na 30 kwa jimbo la Roma. Ni mgawanyo wa kibiashara, lakini angalau umeandikwa wazi. Huko Maastricht, Uholanzi, kanisa la watawa wa Kidominikani la karne ya 13 lilitwaliwa na jeshi la Ufaransa 1794, likapitia matumizi mengi, mpaka kuegeshea baiskeli. Tangu 2006 ni duka la vitabu, na pale altare iliposimama watu wanakunywa kahawa. Wapo wanaoumizwa na hilo. Mimi naona baiskeli zilikuwa matusi zaidi.

Lakini kuna jengo moja ambalo halijateka mtu wala kutekwa, na huzungumzwa kidogo kwa sababu halina vita. Liko kona ya Brick Lane na Fournier Street, mashariki ya London. Ni la matofali ya kawaida. Ukipita haraka utadhani ni shule. Lilijengwa mwaka 1743 na Wahugeno, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa na kuishi kwa kufuma hariri. Wajukuu wao wakawa Waingereza, wakahama mtaa, kanisa likabaki tupu. Mwaka 1809 likachukuliwa na chama kilichotaka kuwabadili Wayahudi dini, bila mafanikio ya kutajika. Mwaka 1819 wakaingia Wamethodisti. Mwaka 1898 wakaingia Wayahudi wenyewe, waliokimbia mauaji katika himaya ya Urusi, wakalifanya sinagogi kuu la Spitalfields. Nao wakapata uwezo, wakasogea vitongoji vya kaskazini. Mwaka 1976 Wabangladeshi, wengi wao watu wa Sylhet, wakalifungua kama msikiti.

Hakuna kengele iliyobebwa na mateka. Kila mara walikuwepo watu waliokuwa wakiondoka na watu waliokuwa wakifika, na katikati yao palikuwa na mkataba. Mwaka 2009 uliongezwa mnara wa chuma ubavuni, unaowaka taa usiku, baadhi ya majirani wakanung'unika kuhusu rangi zake, wakazoea.

Juu ukutani, upande wa Fournier Street, ipo saa ya jua waliyoiweka Wahugeno. Ina mwaka wake, 1743, na maneno mawili ya Kilatini, Umbra sumus: sisi ni kivuli. Wamethodisti waliikuta wakaiacha. Wayahudi waliikuta wakaiacha. Wenye msikiti wanayo hati, na ngazi wanayo, na saa bado ipo.